Wiki saba ndani ya Luka 15: namna ya kuisoma sura moja ya Biblia kwa daftari na penseli

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Makambako, upande wa barabara iendayo Njombe, na kazi yangu kubwa ni fremu na milango ya mbao za paina. Sijasomea theolojia. Niliishia darasa la saba, nikafundishwa kazi na mjomba wangu. Ninachoandika hapa ni njia ya kukaa na sura moja ya Biblia kwa muda mrefu, kila asubuhi kabla vijana hawajafika kazini. Kwa njia hiyo nililiona jambo ambalo nilikuwa nimelisikia likihubiriwa tangu utotoni, na sikuwa nimelipokea. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo binadamu anaweza kuyajua kabla hajafa, na ndiyo maana naandika.

Nieleze kwanza nilivyoanza, maana nilianza vibaya.

Baba yetu alitugawia shamba la miti akiwa hai, mimi na mdogo wangu, kila mmoja ekari tatu. Za kwangu nilizitunza. Mdogo wangu aliuza za kwake miti ikiwa bado michanga, bei ya kutupa, akaenda Tunduma, mpakani na Zambia. Alisema anafanya biashara. Baada ya miaka mitano alirudi, mwezi wa Julai, baridi ya kwetu ikiwa imekaza, hana hata koti. Baba akaniagiza nimkamate beberu. Nilimkamata, nikamchinja, sikula nyama yake. Miaka mitatu baadaye tulimzika baba, na tangu siku ya beberu hadi siku ya kaburi mimi na mdogo wangu hatukuwa tumevuka salamu.

Mwaka 2019 mwinjilisti wa usharika wetu alinipa zamu ya kuongoza kipindi cha Neno kwenye jumuiya, akanipangia Luka 15. Nilifurahi sana, kwa sababu mdogo wangu anasali jumuiya hiyohiyo. Nilijua atakaa pale kwenye kigoda, nami nitamsomea habari za mwana mpotevu, yule aliyetapanya urithi wake ugenini, akaishia kulisha nguruwe, akarudi na baba akamfanyia karamu, mbele ya majirani, sauti yangu ikiwa ya upole kabisa. Nilikwenda kwenye Maandiko kutafuta rungu. Naomba usianze hivyo. Lakini hata kama umeanza hivyo, endelea kusoma, kwa sababu mimi ndivyo nilivyoanza na Mungu hakunifukuza.

Chukua sura moja, iache Biblia nzima

Watu wengi huamua Januari kusoma Biblia yote kwa mwaka. Ni jambo jema, nimelifanya mara mbili. Lakini kusoma hivyo ni kama kupita Makambako ukiwa ndani ya basi la Songea: umeuona mji, hujaingia nyumba ya mtu. Kwa kazi ninayoieleza hapa, chagua sura moja, au barua moja fupi, ukubali kukaa hapo hata miezi miwili. Luka 15 ina mistari 32. Mimi nilikaa nayo wiki saba na bado sijamaliza kilichomo.

Vifaa ni vichache. Biblia ya Union Version, ile ya mwaka 1952, kwa sababu ndiyo iliyo masikioni mwetu, Habari Njema ya mwaka 1995 kwa kulinganisha, daftari la kaunta kwaya mbili, penseli. Ukiweza kuazima kwa mchungaji itifaki ya Biblia, kile kitabu kinachoonyesha kila neno limo katika mistari ipi, vizuri. Kama huna, simu yenye Biblia ndani yake itakutafutia neno. Ila usomaji wenyewe usiufanye kwenye simu. Simu huita.

Omba kwanza, maneno machache. Mimi hutumia Zaburi 119:18, “Unifumbue macho yangu niyatazame maajabu yatokayo katika sheria yako.” Ombi hilo linakubali kwamba kitabu kinaweza kuwa wazi huku macho yamefumba, na ndivyo nilivyokuwa.

Nakili kwa mkono, bila vichwa vya habari

Ukurasa wa kushoto wa daftari uandike mstari wa Maandiko, wa kulia uache kwa ajili ya maswali. Nakili kila neno, na kila mkato pale ulipo. Mimi nilitumia asubuhi nne kuinakili sura nzima. Mkono ni mwepesi kidogo tu kuliko konokono, na ndio uzuri wake: jicho lililozoea kuruka halina pa kurukia.

Usinakili vichwa vya habari. Vile vimewekwa na wachapishaji. Luka hakuviandika, kama ambavyo hakuweka namba za mistari. Namba hizo ziliingizwa katika Agano Jipya la Kigiriki lililochapishwa mwaka 1551. Kwenye Biblia nyingi hadithi hii imeandikwa juu yake “Mwana Mpotevu”. Nilipokiacha kichwa hicho na kuanza na maneno ya Yesu mwenyewe, mstari wa 11, niliandika: “Mtu mmoja alikuwa na wana wawili.” Wawili. Miaka arobaini nilikuwa nimesikia habari za mwana mmoja. Niliweka penseli chini, nikatazama maranda sakafuni, nikahisi kama mtu aliyeitwa jina lake kwa mbali asijue ni nani anayemwita.

Ukimaliza kunakili, soma kwa sauti, hata kama uko peke yako. Maandiko haya yalisomwa kwa kusikilizwa muda mrefu kabla hayajawa kitabu cha mfukoni. Mimi nilikuwa nikisoma huku nimepiga magoti kando ya benchi la kazi, mara moja kila siku kwa wiki ya kwanza yote, pasipo kuandika tafsiri yoyote. Wiki ya kwanza usielewe kitu. Sikia tu.

Tafuta maungio

Mlango haufi katikati ya ubao. Unafia kwenye maungio. Fundi akitaka kujua kazi ya mwenzake hatazami rangi, hutazama pale mbao mbili zilipokutana. Maandiko nayo yana maungio: basi, lakini, kwa kuwa, tena, hata. Yapigie mstari yote.

Sura ya 15 inaanza na “Basi”. Watoza ushuru na wenye dhambi walikuwa wakimkaribia Yesu wamsikilize, Mafarisayo na waandishi wakanung'unika, wakisema, “Mtu huyu huwakaribisha wenye dhambi, tena hula nao.” Kisha mstari wa 3: “Akawaambia mfano huu.” Jiulize: akawaambia akina nani? Wanung'unikaji. Kondoo mmoja kati ya mia, sarafu moja kati ya kumi, mwana mmoja kati ya wawili, yote hayo wanaambiwa watu waliosimama pembeni wamekasirika kwa sababu ya meza. Nilikuwa nimeandaa somo kwa ajili ya mtu aliyerudi kutoka Tunduma, na hapa Luka ananiambia kwamba aliyekusudiwa ni yule ambaye hakwenda popote.

Nilijaribu kulikwepa hilo. Nikasema moyoni, mimi si Mfarisayo, mimi ni seremala, nimetunza miti ya baba. Nikaendelea na kazi. Usijilazimishe kukubali jambo siku unapoliona kwa mara ya kwanza. Liandike ukurasa wa kulia, weka tarehe, endelea.

Linganisha tafsiri mbili, na uulize

Mstari wa 8 katika Union Version unamtaja mwanamke “mwenye shilingi kumi”, akapotewa na moja, akawasha taa na kufagia nyumba. Binti yangu mdogo aliponisikia nikisoma aliuliza kwa nini mama huyo ahangaike nyumba nzima kwa shilingi moja. Swali zuri. Mwaka 1952 shilingi ilikuwa shilingi. Fedha anayoitaja Luka kwa Kigiriki ni drakma, na thamani yake ilikuwa kama ujira wa kibarua kwa siku moja. Sasa mwone mama yule upya: amepoteza jasho la kutwa nzima, na nyumba ya zamani ilikuwa na giza.

Neno hilo, kibarua, ndilo lililonifungulia sura.

Tazama mstari wa 17 na wa 19. Kule kwenye nguruwe, mwana mdogo anakumbuka “watumishi” wa baba yake wanaokula na kusaza, akajipangia kusema “nifanye kama mmoja wa watumishi wako.” Habari Njema inawaita wafanyakazi. Tafsiri mbili zinapotumia maneno tofauti, hapo pana kitu, usipite. Nilimuuliza mwinjilisti, naye akamuuliza mchungaji mwenye vitabu vya Kigiriki, jibu likarudi baada ya siku tatu: ni mtu wa kuajiriwa kwa ujira. Mtumwa wa nyumbani ana neno lake jingine. Kwa lugha yetu ya karakana, kibarua.

Nawajua vibarua. Nikipata kazi ya madawati huita wawili wa kupiga randa na msasa. Jioni nawalipa, tunapeana mkono, hakuna anayemdai mwenzake. Wakiharibu ubao nakata kwenye malipo. Kibarua haulizi kama nampenda. Hapewi ufunguo. Hicho ndicho mwana mdogo alichokuwa anakwenda kukiomba: hesabu safi. Alikuwa amekata tamaa ya kuwa mtoto, akatafuta nafasi ya kulipwa kwa anachofanya, ili angalau asidaiwe kitu na baba yake.

Chukua hotuba, pima alichopanga na alichosema

Hili ni zoezi dogo, lakini kama utafanya moja tu katika yote niliyoyaandika, fanya hili. Popote mtu katika Biblia anapopanga maneno kisha akayasema, weka maneno yote mawili sambamba, upande kwa upande.

Mstari wa 18 na 19, alichopanga: “Baba, nimekosa juu ya mbingu na mbele yako, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako.”

Mstari wa 21, alichosema: “Baba, nimekosa juu ya mbingu na mbele yako, sistahili kuitwa mwana wako tena.”

Ombi la kibarua halimo. Na mstari wa 22 unaanza na ungio: “Lakini baba aliwaambia watumwa wake, Lileteni upesi vazi lililo bora.” Luka hasemi kama kijana alikatizwa au alinyamaza mwenyewe, nami sitaongeza. Ila naona kwa macho yangu kwamba sentensi ya ujira haikupata nafasi. Kabla haijatamkwa, pete imekwisha kuagizwa.

Rudi mstari mmoja nyuma, wa 20: “Alipokuwa angali mbali, baba yake alimwona, akamwonea huruma, akaenda mbio akamwangukia shingoni, akambusu sana.” Panga vitendo kwa mfuatano. Alimwona. Akamwonea huruma. Akaenda mbio. Akamwangukia. Akambusu. Vitano, na mwana bado hajafungua kinywa. Toba yake ilikuja ikakuta busu limetangulia.

Nilikuwa nimefundishwa, na mimi nimefundisha wengine, kwamba mtu hutubu, ndipo Mungu humkaribia. Nililiandika swali ukurasa wa kulia kwa herufi kubwa, kisha nikafunga daftari, nikaenda kuchonga fremu. Siku ile nilikata ubao mmoja mfupi, jambo ambalo halijanitokea mara nyingi.

Fuata neno moja kwenye kitabu kizima

Hapa ndipo itifaki inapofanya kazi. Usifuate maneno kumi. Fuata moja.

Nilifuata “huruma” ndani ya Luka. Sura ya 7, Yesu anakutana na jeneza la kijana, mtoto wa pekee wa mjane wa Naini: “Bwana alipomwona alimwonea huruma.” Sura ya 10, Msamaria na mtu aliyeachwa nusu mfu njiani: “alipomwona alimhurumia.” Sura ya 15, baba: “alimwona, akamwonea huruma.” Mara tatu, kuona kisha huruma, na nilielezwa kwamba katika Kigiriki kitenzi cha huruma ni kilekile mahali pote patatu. Kwa hiyo anayekimbia barabarani katika sura ya 15 ana moyo uleule wa yule aliyeligusa jeneza katika sura ya 7. Luka ananionyesha baba, na nyuma ya baba ananionyesha Yesu mwenyewe, ambaye wakati huohuo anasimulia hadithi akiwa na wenye dhambi waliomkaribia.

Nikafuata pia “nung'unika”. Sura ya 5, sura ya 15, na sura ya 19 nyumbani kwa Zakayo. Kila mara watu wananung'unika kwa sababu Yesu ameingia au amekula kwa mtu asiyefaa. Na pale kwa Zakayo, 19:10, anajibu: “Kwa kuwa Mwana wa Adamu alikuja kutafuta na kuokoa kile kilichopotea.”

Sasa nisikilize kwa makini kidogo. Kondoo alipopotea, mwenyewe alitoka kumtafuta. Shilingi ilipopotea, mama alifagia. Mwana alipopotea, ni nani aliyetoka? Hakuna. Mwana mkubwa alikuwa shambani. Nililisoma hilo mara nyingi kabla halijanichoma. Makambako hadi Tunduma ni barabara moja ya lami, mabasi yanapita mchana na usiku. Miaka mitano sikupanda hata moja.

Vuka mipaka ya kitabu

Ukishaona jambo ndani ya sura, liulize kama Maandiko mengine yanakubaliana nalo. Watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo 17:11 kwa sababu waliyachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo; na aliyekuwa anawahubiria ni Paulo. Kama Paulo alichunguzwa, chunguza na wewe, hata huyu seremala mchunguze.

Wiki ya tano nilikuwa nasoma Warumi kwa ajili ya jambo jingine kabisa, nikafika 5:8: “Bali Mungu aonyesha pendo lake yeye mwenyewe kwetu sisi, kwa kuwa Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi.”

Tulipokuwa tungali. Alipokuwa angali. Nilifungua daftari nikaweka mistari miwili pamoja, mmoja juu ya mwingine, na nikalia. Ni neno lilelile, angali na tungali, na linasema jambo lilelile: upendo wa Mungu haukungoja tufike. Hakukuwa na hesabu ya kulipa kwanza. Msalaba ni zile mbio za baba barabarani, na mwisho wa barabara ulikuwa Golgotha.

Hilo ndilo jambo ninaloliita kubwa kuliko yote. Mungu alikupenda ungali mbali, na anachokupa ni nafasi ya mwana; ya kibarua hana. Galatia 4:7 inalisema wazi: “wewe si mtumwa tena bali u mwana.” Ningeweza kukuandikia hivyo mstari wa kwanza wa maelezo haya. Ungesema amina ukapita, kama mimi nilivyosema amina miaka arobaini. Ndiyo maana nakupeleka kwa miguu.

Jiulize umesimama wapi ndani ya hadithi

Hatua hii usiifanye mapema. Mtu akijiweka ndani ya hadithi siku ya kwanza hujichagulia mahali pazuri. Acha sura ikupeleke.

Mstari wa 12: “Akawagawia vitu vyake.” Tazama herufi mbili ndani ya kitenzi hicho, -wa-. Hakumgawia mdogo peke yake. Aliwagawia wote wawili, na kwa torati, Kumbukumbu 21:17, mzaliwa wa kwanza hupewa sehemu mbili. Kwa hiyo mwana mkubwa alikuwa na fungu lake, tena kubwa, tangu mwanzo. Lakini mstari wa 29 anasema, “mimi nimekutumikia miaka mingapi hii,” na neno hilo kwa Kigiriki linatoka kwenye mtumwa. Anadai mwana-mbuzi. Mdogo alikwenda mbali akarudi akitaka kuwa kibarua. Mkubwa alibaki nyumbani akaishi kama mtumwa anayengoja malipo. Nyumba moja, wana wawili, na hakuna aliyejua kuwa ni mwana.

Kisha sikiliza wanavyoitana. Mkubwa: “huyu mwana wako”. Baba: “huyu ndugu yako”. Katika miaka yote ile nilipomtaja mdogo wangu kwa baba nilisema “kijana wako”. Sikujua kwamba sentensi hiyo iko kwenye Biblia.

Na mstari wa 28: “Akakasirika, akakataa kuingia ndani. Basi babaye alitoka nje, akamsihi.” Baba alitoka mara mbili siku moja. Mara ya kwanza mbio, kwa ajili ya yule mwenye matambara. Mara ya pili kwa ajili ya yule mwenye jembe, na safari hii ni kusihi. Baba yangu mimi naye alitoka nje usiku ule wa beberu. Alinikuta kwenye banda la mbao. Alisema, “Mwanangu, chakula kinapoa.” Nilimjibu kwamba nina kazi. Hilo nalikumbuka neno kwa neno, na sikuwa nimelikumbuka hata mara moja hadi penseli yangu ilipofika kwenye “akamsihi”.

Yesu haelezi kama mwana mkubwa aliingia. Sura inaishia kwa maneno ya baba, mlango uko wazi, na mtu amesimama nje. Usimalizie hadithi ambayo Bwana ameiacha bila kuimaliza. Ameiacha kwa sababu waliokuwa wakinung'unika walikuwa bado wamesimama pale.

Wapelekee wengine

Usikae na ulichokiona peke yako. Mtu mmoja na Biblia na hasira zake anaweza kuona chochote. Zamu yangu ya jumuiya ilipofika sikuhubiri. Nilisoma sura yote, nikauliza maswali yangu ya ukurasa wa kulia, nikasikiliza. Bibi mmoja mjane aliuliza mama wa wale vijana alikuwa wapi. Kijana mmoja akaanza kubuni: labda alifariki, labda kwa huzuni. Bibi akamkatiza, “Hapana, mwanangu, nimeuliza, sijasema tuongeze.” Namshukuru hadi leo. Jambo ambalo Maandiko yamelinyamazia, lizunguke kwa heshima.

Na jipime kwa maneno haya ya Yesu, Yohana 5:39 na 40, aliyowaambia watu waliojua Maandiko kuliko mimi na wewe: “Mwayachunguza maandiko, kwa sababu mnadhani kwamba ninyi mna uzima wa milele ndani yake, na hayo ndiyo yanayonishuhudia. Wala hamtaki kuja kwangu mpate kuwa na uzima.” Unaweza kunakili sura nzima, kupiga mistari yote, kujua drakma na kibarua, na ukabaki nje. Daftari si nyumba.

Ukurasa wa mwisho

Ukurasa wa mwisho wa kila sura ninayoisoma naandika jambo moja la kufanya, na siku ya kulifanya. Liwe dogo na liwe na jina la mtu. “Kuwa na upendo zaidi” halifai, kwa sababu hutajua umelifanya lini. Wiki ya saba niliandika: kwenda kwa mdogo wangu, Jumamosi, kabla ya saa nne.

Nilimkuta anamenya viazi nje. Nilikuwa nimepanga hotuba, kama yule kijana. Nilifika hadi “mdogo wangu, nimekukosea,” akaweka kisu chini, akaingia ndani, nikadhani amekasirika. Alirudi na kigoda. Hatukuzungumza mengi siku ile. Tulimenya viazi debe zima. Aliniambia jambo moja la Tunduma ambalo hakuwahi kumwambia baba, nami silisemi hapa.

Sasa Jumamosi tunasoma pamoja, kwa daftari mbili. Tumechukua waraka kwa Filemoni, ambao nakushauri uwe wa pili kwako baada ya Luka 15: mistari 25 tu, na ndani yake yumo mtu aliyetengwa na bwana wake anayerudishwa “si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa.” Hadi tunafika hapo tulikwenda vizuri. Kisha tukafika mstari wa 18, “Na kama amekudhulumu, au unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu.” Mdogo wangu aliunakili, akausoma kwa sauti, akausoma tena, akaniuliza ni nani anayesema hivyo na anamwambia nani. Tuna wiki ya tatu sasa kwenye mstari huo.